Gari langu lilikuwa likinihesabia breki

Kwa karibu miaka miwili gari langu lilikuwa likiandika kila safari niliyokwenda: nimewasha saa ngapi, nimezima saa ngapi, nimetembea maili ngapi, nimekanyaga breki kwa nguvu mara ngapi. Maandishi hayo yalitoka garini, yakapita mikononi mwa watu nisiowajua, yakaishia kwa watu wa bima. Mimi niliyeshika usukani ndiye niliyekuwa wa mwisho kuyaona. Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko huku Marekani, hasa nyie mnaotoka kazini usiku wa manane, na pia ndugu zetu wa nyumbani mnaoagiza magari. Sehemu ya hasara niliyopata ilitokana na makosa yangu mwenyewe, na hayo nitayasema bila kuficha, kwa sababu ndiyo yanayoepukika.

Kwetu ni Tanga. Hapa Texas nina mwaka wa kumi na moja sasa, naishi Pflugerville, nje kidogo ya Austin, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Zamu yangu inaanza saa nane mchana na kuisha saa nane usiku, siku nne kwa wiki, upande wa Lakeway, kule vilimani karibu na ziwa Travis. Kurudi nyumbani ni kama maili 27. Naomba mzikumbuke saa hizo, maana ndizo zilizoniponza.

Gari nililinunua Mei 2022, jipya kutoka yadi. Lilikuwa gari jipya la kwanza maishani mwangu. Miaka yote nilikuwa nikiendesha mikweche iliyopita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla yangu. Siku ile nilivaa kama ninayekwenda harusini. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, ameshika kishikwambi. Kurasa alikuwa akizipitisha mwenyewe kwa kidole, na akifika penye sahihi ananigeuzia: "Hapa, mama. Na hapa. Na hapa pia." Ya mwisho nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni huduma ya usalama: ukipata ajali gari litapiga simu lenyewe, likiibwa litatafutwa, na kila mwezi utaletewa taarifa ya matairi na oili. Nani akatae hayo? Nikasaini. Nilisaini kurasa nisizozisoma kwa sababu niliona haya kumsubirisha kijana wa watu. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nina hakika wengi wetu tunalifanya kwa sababu hiyohiyo ya malezi. Siku hizi nasema bila kuona haya: nitumie mkataba kwa barua pepe, nitausoma nyumbani, nitarudi kesho.

Tulipofika nyumbani mwanangu akanipakulia programu ya gari kwenye simu. Kila wiki ilinipa alama za uendeshaji na vinishani vya kunipongeza. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuendesha, basi ikawa mchezo wetu wa Jumapili kutazama nani kapata alama nyingi. Hakuna mahali paliposema, kwa maneno ya kueleweka, kwamba alama zile zinasomwa na mtu mwingine zaidi yetu.

Niseme na wema wake. Januari 2023 mzee ninayemtunza aliugua, mwenzangu wa zamu hakufika, nikakaa saa kumi na sita mfululizo. Alfajiri, nikiwa barabara ya 620, gari likalia ghafla, na mbele ya usukani ikatokea picha ya kikombe cha kahawa na maandishi ya kunitaka nipumzike. Sikujua kama nilikuwa nimeanza kusinzia. Nikaingia kituo cha mafuta, nikalaza kiti, nikalala dakika arobaini na koti langu usoni. Mpaka leo nalishukuru gari lile kwa asubuhi ile. Kwa hiyo msinielewe vibaya: sina ugomvi na gari linalomwangalia dereva ili asife. Linaloniuma ni gari hilohilo kuyachukua niliyoyafanya ndani yake na kwenda kuyasema nje.

Desemba 2023 ikaja barua ya kuhuisha bima. Kwa miezi sita nilikuwa nalipa dola 812. Barua ilisema dola 1,046. Sijawahi kupata ajali Texas, wala faini ya mwendo kasi. Nilisoma tarakimu ile nimesimama jikoni, nikahisi joto likinipanda shingoni. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ya pili, yenye maandishi madogo madogo. Sikuisoma. Niliikunja pamoja na bahasha nikatupa.

Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Marekani kuna sheria ya mwaka 1970 iitwayo Fair Credit Reporting Act. Kampuni ya bima ikikupandishia bei kwa kutegemea ripoti iliyonunua kwa kampuni nyingine, inalazimika kukujulisha, kukutajia jina la kampuni iliyotoa ripoti, na kukuambia kwamba una siku 60 za kuomba nakala bila malipo. Karatasi niliyoitupa ilikuwa ndiyo hiyo. Barua ya bima isomeni hadi nyuma ya ukurasa wa mwisho.

Kosa la tatu nililifanya kwa hasira. Nilimpigia wakala, nikasema maneno ambayo nisingependa mwanangu ayasikie, nikakata bima papo hapo nikidhani kesho yake nitapata nyingine ya bei nafuu. Nikapiga simu kampuni ya kwanza, bei ileile. Ya pili, zaidi. Ya tatu ilinipa bei nzuri mwanzoni, kisha ikasema isubiriwe dakika moja ipitie taarifa zangu, na bei ikapanda nikiwa bado kwenye simu. Nilikaa siku sita bila bima, nikipakiwa na mfanyakazi mwenzangu, maana kuendesha bila bima hapa Texas ni kosa la jinai. Mwishowe nikachukua bima ya dola 1,131, kubwa kuliko ile niliyoikataa, kwa sababu kampuni mpya iliona zile siku sita na kuzihesabu kuwa dosari. Usikate ya zamani kabla tarehe ya kuanza ya mpya hujaiona kwa macho yako.

Miezi mitatu nikalipa nikinung'unika, bila kujua sababu. Sababu niliisikia Machi 2024 kutoka kwa dada mmoja wa Kisii tunayefanya naye kazi. Alinipigia usiku: "Dada, hilo gari lako lina huduma ile ya kukupa alama?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi soma."

Alichonitumia kilikuwa uchunguzi wa Kashmir Hill katika gazeti la New York Times. Ulieleza jinsi magari ya General Motors, kupitia huduma iitwayo OnStar Smart Driver, yalivyokuwa yakikusanya taarifa za uendeshaji na kampuni hiyo kuzipeleka kwa LexisNexis Risk Solutions na Verisk, ambazo nazo huwahudumia watu wa bima. Dereva mmoja wa karibu na Seattle alikuwa amepandishiwa bima kwa asilimia 21. Alipoomba faili lake alipata kurasa 258, zenye safari 640 zake na za mkewe katika miezi sita. Siku chache baada ya uchunguzi kutoka, General Motors ikasema imeacha kuzigawia kampuni hizo taarifa. Gari langu ni la kampuni gani, na nani aliyenunua yangu, sitasema. Nataka mkitazame kile walichokuwa wakikifanya, na waliokifanya ni zaidi ya kampuni moja.

Usiku ule sikulala. Si kwa ajili ya pesa tu. Nilikuwa nikizikumbuka safari: niliyokwenda kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji, nilizokuwa nikimpeleka rafiki yangu hospitali kwa ugonjwa ambao hata dada zake hawaujui, na siku niliyopaki pembeni ya barabara nikalia baada ya kupigiwa simu kwamba mama amefariki. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sikuwahi kufikiri kwamba kata yenyewe ingeweza kwenda sokoni.

Asubuhi nikaanza kazi. Idara ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, Consumer Financial Protection Bureau, huchapisha orodha ya kampuni zinazotengeneza ripoti za watu, pamoja na namna ya kuomba faili lako kwa kila moja. Nilijaza maombi mawili. Wanataka jina kamili, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni. Ukikosea herufi moja ya jina, na majina yetu huku yanaandikwa kila mtu anavyojisikia, wanarudisha. Langu lilirudishwa mara moja. Baada ya wiki tatu ikaja bahasha nene ambayo haikuingia kwenye sanduku la barua. Mtu wa posta aliiegemeza mlangoni. Kurasa 112.

Nilikaa nayo mezani nikiwa na kalamu nyekundu. Kila mstari ulikuwa safari. Haukuonyesha nilikwenda wapi, lakini ulionyesha tarehe, dakika ya kuanza, dakika ya kumaliza, maili, breki za ghafla, kuondoka kwa kishindo, na dakika nilizopitisha kasi fulani. Nikashuka kwa kidole hadi Novemba 2023. Tarehe 9, kuanza saa nane na dakika sita usiku, kumaliza saa nane na dakika arobaini na nne, maili 27.3, breki za ghafla: 1.

Niliukumbuka usiku ule. Wanaoijua Lakeway wanajua kulungu wa kule wanavyozagaa barabarani kama mbuzi wa Pongwe, kule kwetu Tanga. Wawili walivuka mbele yangu, nikapunguza mwendo, nikadhani wamekwisha. Wa tatu akatoka kwenye majani, akafika katikati ya barabara, akasimama, akanitazama na macho yake yaking'aa kwenye taa. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Chupa ya chai iliyokuwa kiti cha pembeni iliruka ikapasuka kifuniko, na zulia la gari likanuka iliki kwa miezi. Kulungu akaondoka zake. Nilishuka nikazunguka gari nzima mikono ikitetemeka, nikamshukuru Mungu kwamba nimemwona kwa wakati. Kwenye ile karatasi hakukuwa na kulungu. Kulikuwa na moja.

Nikaendelea kusoma. Safari zangu za saa nane usiku zote zilikuwa zimetiwa alama ya usiku wa manane, kwa sababu mifumo hii huhesabu kuendesha saa hizo kuwa hatari. Takwimu zao huenda ni za kweli, watu wengi hufa barabarani usiku. Lakini mimi saa nane za usiku sitoki kulewa. Natoka kumgeuza mzee wa watu kitandani ili asipate vidonda mgongoni. Fikirieni ni akina nani huendesha saa hizo hapa Marekani: wauguzi, wasafishaji wa ofisi, wapakiaji wa maghala, madereva wa teksi. Ni sisi.

Kulikuwa na safu ya kasi zaidi ya maili 80 kwa saa, nami nilikuwa nayo mara saba. Nilishangaa, mimi si mtu wa mbio. Kisha nikazitazama tarehe: zote ni safari za San Antonio kumwona rafiki yangu aliyejifungua. Huwa napita barabara ya kulipia ya 130, na kipande chake cha kusini, hadi Seguin, kina kibao kinachoruhusu maili 85 kwa saa, kiwango cha juu kuliko barabara zote za Marekani. Serikali ya Texas imeniandikia kwa herufi kubwa kwamba ruksa, na gari likaniandikia kwamba nimekosa.

Na zile kuondoka kwa kishindo, karibu zote zilikuwa Jumamosi mchana. Nilimwita mwanangu, nikamwonyesha. Akainamisha kichwa. Ripoti ilikuwa ya gari, si ya mtu; aliyeshika usukani hawamjui. Ukimwazima jirani, breki zake ni zako.

Nilipinga ripoti kwa maandishi. Sheria inawapa siku 30 za kuchunguza. Siku ya 27 ikaja barua: taarifa zimethibitishwa kuwa sahihi. Na kweli, zilikuwa sahihi, nilifunga breki. Nilikuwa sijaelewa kwamba njia ile ni ya kusahihisha makosa, kama vile safari zilizofanyika gari likiwa gereji, au za mtu mwenye jina kama lako. Kwa hiyo kabla ya kupinga, tafuteni kwanza zile safari ambazo mnaweza kuthibitisha kwamba si zenu. Ila sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuambatisha maelezo mafupi kwenye faili lako, nami niliyaandika: zamu yangu, kulungu, barabara ya 130. Sijui kama kuna aliyeyasoma, lakini yapo.

Nilipeleka pia malalamiko kwa Texas Department of Insurance, idara ya bima ya jimbo. Ni bure na hufanyika kwenye intaneti. Kampuni ililazimika kujibu. Ilisema bei ilipanda kwa sababu nyingi: gharama za kutengeneza magari zimepanda, ajali za eneo letu zimeongezeka, na ripoti ya uendeshaji nayo ilitazamwa. Niliuliza ni dola ngapi zilitokana na ripoti. Hilo hawakunijibu. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba nyongeza yote ililetwa na gari, na mtu akiwaambia hivyo mwombeni ushahidi.

Nikafanya na kosa la nne. Mpwa wangu ni fundi, akasema, "Shangazi, dawa ya hili ni kuling'oa tu." Tukatafuta fyuzi ya mtambo wa mawasiliano, tukaitoa. Gari likawa bubu kweli. Lakini kipaza sauti cha simu nacho kikafa, na taa ya dharura juu ya kioo ikageuka nyekundu, maana yake nikipata ajali halitaita msaada. Naendesha peke yangu usiku vilimani. Baada ya wiki mbili tukairudisha.

Kilichofanya kazi ni kuzima mahali patatu, na nilichelewa kugundua kwamba ni patatu. Kwanza kwenye skrini ya gari, sehemu ya mipangilio ya faragha. Pili kwenye programu ya simu, ambako huduma ya alama ilikuwa na swichi yake peke yake. Tatu kwenye akaunti ya tovuti ya kampuni, ambako ruhusa ya kugawa taarifa ilikuwa bado imewashwa hata baada ya kuzima kule kwingine. Kisha nikapiga simu, nikaomba wafute yaliyopita, nikaomba jibu kwa maandishi, nikapiga picha kila skrini pamoja na tarehe. Texas ina sheria ya faragha iliyoanza Julai 2024 inayokupa haki ya kuomba taarifa zako zifutwe na kukataa zisiuzwe. Nilipoitaja sheria hiyo kwa jina, sauti ya upande wa pili ilibadilika. Kama hujui gari lako linakusanya nini, kuna huduma ya bure ya kampuni ya Privacy4Cars: unaingiza namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, inakupa muhtasari wa sera ya kampuni iliyolitengeneza.

Bima nilikuja kuipata ya dola 894 kupitia wakala huru, yule asiyefungwa na kampuni moja. Swali nililomuuliza ni hili: kampuni gani kati ya hizi haitumii taarifa za gari? Alikuwa nazo mbili.

Wakati nikihangaika na hayo, mambo makubwa yalikuwa yakitoka hadharani. Julai 2024 maseneta Ron Wyden na Edward Markey walieleza kwamba Honda ilitoa taarifa za magari kama 97,000 kwa Verisk na kulipwa dola 25,920. Nilipiga hesabu kwa kalamu: ni senti 26 na ushei kwa gari. Hyundai, magari milioni 1.7, senti 61 kwa gari. Mimi nilikuwa nimelipa mamia ya dola zaidi. Agosti mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, akaishtaki General Motors. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ikatangaza hatua dhidi ya kampuni hiyo: marufuku ya miaka mitano ya kuwapa taarifa za mahali na za uendeshaji watengenezaji wa ripoti za watu. Tume ilisema mahali lilipo gari palikuwa pakirekodiwa hata kila baada ya sekunde tatu. Na msidhani kubadili kampuni kunatosha. Mwaka 2023 taasisi ya Mozilla ilipima sera za faragha za kampuni 25 za magari, na hakuna hata moja iliyofaulu.

Wengine huniambia, dada, huo ndio ulimwengu wa sasa, utafanyaje. Nawajibu kwa mfano wa shemeji yangu aliyeko Uholanzi. Gari lake lina kamera ndogo inayotazama macho yake, akisinzia linampigia kelele. Umoja wa Ulaya unataka kila gari jipya linalouzwa tangu Julai 2024 liwe na mfumo wa kumwonya dereva aliyechoka. Lakini kanuni hiyohiyo, ya mwaka 2019, inasema taarifa za mfumo huo zisitoke nje ya gari, asipewe mtu mwingine, na zifutwe mara baada ya kutumika. Kikombe cha kahawa kinabaki, soko linaondoka. Hata kwetu, mabasi ya mikoani yanafuatiliwa mwendo kwa mtambo na LATRA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na abiria wengi wanafurahi, kwa sababu dereva anajua, tajiri anajua, na abiria anajua. Mimi sikuambiwa.

Kuna jambo moja nataka kulisema kwa akina mama. Mwenzetu mmoja kazini alikuwa akishangaa mumewe, ambaye wameachana kwa ugomvi, anajuaje kila anakokwenda. Programu ya gari ilikuwa bado kwenye simu ya mume, kwa sababu mkataba ulikuwa kwa jina lake. Ukiwa katika hali hiyo usikimbilie kuzima. Akiona kimya atajua umeshtuka. Zungumza kwanza na watu wanaosaidia wanawake walio hatarini, kwa simu isiyo yako, mpange siku.

Na ukiuza gari, au ukirudisha la kukodi, futa simu yako kwenye skrini, futa anwani ya nyumbani, rudisha mipangilio ya kiwandani, ondoa gari kwenye akaunti yako. Ukinunua lililotumika, mwenye wa awali aliondoe kwenye akaunti yake mbele yako.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimkumbuke mdogo wangu aliyeko Tanga. Mwaka jana aliagiza gari kutoka Japani, likashuka bandarini, akanipigia simu ya video akiwa ndani yake, hajavua hata nailoni za viti. "Shikamoo dada, sikiliza." Akawasha, na sauti ya mwanamke ikasalimia kwa Kijapani, kama magari mengi ya huko. Tukacheka. Nikamwambia afungue ramani. Ramani ilikuwa bado inadhani iko Japani. Nikamwongoza kubonyeza, picha hadi picha, maana maandishi hatuyajui, mpaka kikatokea kialama cha nyumba kando ya barabara nyembamba, karibu na shule na reli. Mtu alikuwa akiishi pale. Huenda anaishi mpaka leo, na watoto wake wanapita njia ile kwenda shule.

"Kifute," nikamwambia.

"Dada, nikikosea nikaharibu redio?"

"Hutaharibu. Kifute."

Akabonyeza, likatokea swali, akabonyeza tena. Kinyumba kikatoweka, ikabaki barabara tupu, na yule mama wa Kijapani akasema maneno mafupi ambayo si mimi wala mdogo wangu aliyeyaelewa.